Hipnosisi binafsi

Hipnosisi binafsi ni hali ya utulivu na umakini mkubwa ambayo mtu hujiingiza mwenyewe, ama kwa maneno anayojiambia kimoyomoyo, ama kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Akiwa katika hali hiyo, mtu huwa mwepesi zaidi kupokea pendekezo, kwa mfano kwamba mkono wake unakuwa mzito, kwamba mwili unaelea, au kwamba maumivu yanapungua. Neno hipnosisi linatokana na neno la Kigiriki hypnos, maana yake "usingizi", ingawa hali yenyewe si usingizi.

Baadhi ya wanaosikiliza rekodi hizo huhisi mambo ambayo hayapo: joto, uzito, mguso, ladha, harufu au sauti. Hisia ya namna hiyo, isiyotokana na kitu chochote cha nje, huitwa maruweruwe. Anayeanza huweza kuogopa kwamba amepandwa na wazimu au ametawaliwa na mtu mwingine. Pengine hukata tamaa kwa sababu hakuhisi chochote. Utafiti unaonyesha kwamba hisia hizo hutengenezwa na ubongo wa msikilizaji mwenyewe, kwa njia ya umakini na matarajio. Hazitokani na nguvu iliyomo katika sauti ya rekodi.

== Historia ==

Katika karne ya 18 daktari Franz Anton Mesmer alidai kwamba mwili wa binadamu unapitiwa na nguvu ya sumaku inayoweza kuelekezwa ili kuponya. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza dai hilo. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwa Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Katika jaribio moja mti mmoja wa bustani "ulitiwa sumaku", kisha kijana aliyefungwa macho akaongozwa kwenye miti mingine ambayo haikutiwa kitu. Alizidi kuhisi nguvu kila alipofika kwenye mti mpya, na mwishowe akazirai, ilhali mti uliotiwa sumaku ulikuwa mbali naye. Tume ilihitimisha kwamba nguvu hiyo haipo, na kwamba yaliyotokea yalisababishwa na mawazo ya wagonjwa wenyewe. Hata hivyo, kuzirai kwa kijana huyo kulikuwa kwa kweli.

Mwaka 1841 daktari mpasuaji Mskoti James Braid alitazama onyesho la Charles Lafontaine mjini Manchester, Uingereza. Alishawishika kwamba hali aliyoiona inatokana na akili na mwili wa mtazamwa mwenyewe. Mwaka 1843 alitoa kitabu kilichoeneza jina la hali hiyo, na mwaka 1844 alijifanyia hipnosisi ili kutuliza maumivu ya baridi yabisi yaliyokuwa yakimsumbua.

Mfamasia Mfaransa Émile Coué (1857–1926) aliwafundisha wagonjwa kujirudia kila siku sentensi fupi za matumaini. Mwaka 1932 daktari Mjerumani Johannes Schultz alitoa kitabu kuhusu mazoezi ambamo mtu hujiambia kwa utaratibu kwamba viungo vyake ni vizito na vina joto. Mazoezi hayo bado yanatumika, na rekodi nyingi za leo huanza kwa njia hiyohiyo.

Teknolojia ya kurekodi sauti iliwezesha maneno ya mtaalamu kumfikia mtu asiyekuwa mbele yake. Kipimo cha Harvard cha mwaka 1962, kilichotungwa na Ronald Shor na Emily Orne kwa ajili ya kupima kundi la watu kwa pamoja, huweza kutolewa kwa kanda, na washiriki hujipatia alama wenyewe. Baada ya kanda zilikuja diski, na siku hizi rekodi hupatikana kwa simu.

== Muundo wa rekodi ==

Rekodi nyingi zina sehemu nne:

* Utangulizi wa kutuliza: msikilizaji huambiwa akae au alale mahali salama, afumbe macho na kufuatilia pumzi yake.
* Kuzamisha: sauti huhesabu namba, au humwelekeza msikilizaji afikirie anashuka ngazi, ili umakini wake uzidi kukusanyika.
* Mapendekezo: hapa ndipo hisia hutajwa, kwa mfano "mkono wako unakuwa mwepesi". Mapendekezo mengine huhusu baada ya rekodi, kama vile kutotamani sigara.
* Kutoka: sauti huhesabu tena, na msikilizaji hufumbua macho na kujinyoosha.

Lugha ya rekodi ina umuhimu. Nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza, na msikilizaji anayelazimika kutafsiri kichwani hugawa umakini wake. Hipnosisi binafsi haihitaji rekodi ya kununua. Mtu anaweza kujirekodi kwa lugha aliyoizoea, au kujiambia maneno kimyakimya.

== Namna hisia zinavyotokea ==

Ubongo hausubiri taarifa za macho, masikio na ngozi peke yake. Wakati wote hukisia kinachokuja, kisha hulinganisha makisio hayo na taarifa zinazofika. Makisio yakiwa na nguvu na taarifa zikiwa hafifu, mtu huweza kuhisi kile alichokitarajia.

Mifano ya kila siku ni mingi. Anayefikiria embe bichi lenye chumvi na pilipili hujaa mate mdomoni. Anayesubiri simu huhisi ikitetemeka mfukoni wakati haikutetemeka. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha uchunguzi wa wajane na wagane 293 wa Wales. Karibu nusu yao walisema wamewahi kuhisi uwepo wa mwenzi aliyefariki, kumwona, kumsikia au kuguswa naye. Watu hao hawakuwa wagonjwa wa akili.

Majaribio mawili yanaonyesha kwamba hata hipnosisi yenyewe si lazima. Mwaka 1964 Theodore Barber na David Calverley, nchini Marekani, waliwaomba wanafunzi wafumbe macho na wausikie wimbo wa Krismasi unaojulikana sana, ingawa haukupigwa. Wengi walisema waliusikia, hata miongoni mwa wale ambao hawakufanyiwa hipnosisi. Wachache sana waliamini kwamba wimbo ulikuwa ukipigwa kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi waliwasikilizisha wanafunzi mvumo mtupu, wakiwaambia kwamba huenda wimbo huohuo umefichwa ndani yake. Takriban theluthi moja walibonyeza kitufe kuonyesha kwamba wameusikia.

Picha za ubongo zinaonyesha kwamba wanaosimulia hisia hizo hawatungi uongo. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 1998, sehemu moja ya mbele ya ubongo ilifanya kazi zaidi pale washiriki waliposikia sauti halisi, na pia pale waliposikia sauti ya maruweruwe wakiwa katika hipnosisi. Haikufanya hivyo walipoifikiria sauti kwa makusudi. Kwa ubongo, basi, kuhisi kwa pendekezo ni tofauti na kuwaza tu.

== Tofauti kati ya watu ==

Watu hawalingani katika kupokea mapendekezo. Kipimo kinachotumika sana kilitungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard. Matoleo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1959, na lingine mwaka 1962. Mshiriki hupewa mapendekezo 12, kuanzia mepesi hadi magumu.

Katika toleo la mwaka 1962, pendekezo kwamba mkono ulionyooshwa unashuka kwa uzito hufanikiwa kwa watu walio wengi sana. Pendekezo kwamba mbu anazunguka na kutua mkononi hufanikiwa kwa takriban nusu ya watu. Kusikia sauti ya mtu anayeuliza maswali wakati hakuna anayezungumza hufanikiwa kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi. Kwa sababu hiyo anayeanza hutarajiwa kuhisi uzito, joto, ganzi au kuelea kabla ya kusikia au kuona kitu. Asiyehisi chochote hana kasoro.

Uwezo huo haubadiliki sana. Utafiti wa mwaka 1989 uliwapima tena watu 50 waliokuwa wamepimwa miaka 25 kabla, na alama zao zilikaribiana na za mwanzo. Uwezo mkubwa si dalili ya udhaifu wa akili, wala uwezo mdogo si dalili ya ukaidi.

== Maswali ya wanaoanza ==

=== Kama msikilizaji amelala ===

Aliye katika hipnosisi yuko macho. Husikia sauti, na akiitwa huitika. Anayepitiwa na usingizi katikati ya rekodi amelala kama kawaida, na kwa kawaida huamka mwenyewe. Hata rekodi ikikatika kwa sababu ya chaji kuisha, msikilizaji hakwami ndani ya hali hiyo.

=== Kama sauti inaweza kumlazimisha mtu ===

Rekodi haina uwezo wa kumtawala mtu. Msikilizaji anaweza kukataa pendekezo, kufumbua macho na kuzima simu. Hata hivyo, mtu anayemwamini sana mtoa sauti huweza kukubali ushauri mbaya, kama anavyoweza kuukubali kwa mhubiri au mganga asiye mwaminifu. Rekodi inayomtaka msikilizaji atoe fedha, ajitenge na jamaa zake au aache dawa inafaa kuachwa.

=== Kama hisia ni za kweli ===

Hisia ni ya kweli, lakini kinachohisiwa hakipo. Anayehisi mbu mkononi amehisi kweli. Mbu ndiye hayupo. Tofauti hiyo ni muhimu kwa rekodi zinazodai kumrudisha mtu utotoni au kwenye "maisha ya zamani". Hipnosisi haifufui kumbukumbu zilizopotea. Huweza kumfanya mtu awe na uhakika mkubwa juu ya jambo ambalo halikutokea. Katika nchi kadhaa watu wamewatuhumu ndugu zao kwa msingi wa kumbukumbu za namna hiyo, na mahakama nyingi za Marekani zimewekea mipaka ushahidi uliopatikana kwa hipnosisi.

=== Kama ni uchawi au dhambi ===

Hipnosisi haitumii dawa, hirizi wala kuita roho. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Papa Pius XII aliizungumzia mbele ya madaktari mwaka 1957; hakuikataa inapotumiwa na mganga wa hospitali kwa ajili ya tiba, mradi maadili yazingatiwe.

== Matumizi katika tiba ==

Hipnosisi imechunguzwa zaidi katika kupunguza maumivu. Utafiti wa Montreal wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba pendekezo linaweza kupunguza ukali wa karaha ya maumivu, na kwamba badiliko hilo linaonekana pia katika ubongo. Daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walionyesha mwaka 1984 kwamba hipnosisi huwasaidia wenye tatizo sugu la tumbo kujaa gesi na kuuma bila kidonda wala uvimbe. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2008 uliiweka miongoni mwa njia za kufikiriwa pale dawa za tatizo hilo zinaposhindwa kwa miezi 12. Mgonjwa hufundishwa na mtaalamu, kisha huendelea nyumbani kwa rekodi.

Hipnosisi haiui vijidudu, haiungi mfupa na haiyeyushi uvimbe. Kazi yake ni katika namna mtu anavyohisi na anavyokabili hali yake.

== Tanzania na Afrika Mashariki ==

Rekodi za hipnosisi ni ngeni Afrika Mashariki, lakini mambo yanayofanana na maruweruwe ya hipnosisi yanajulikana zamani na yana majina yake.

Jinamizi ni hali ambapo mtu huzinduka usingizini akashindwa kusogea, huku akihisi kitu kimemkalia kifuani au kuna mtu chumbani. Sababu yake ni kwamba akili imeamka wakati misuli bado imelegea kama inavyolegea katika ndoto. Takriban watu 8 kati ya 100 hupatwa nalo angalau mara moja maishani. Anayesikiliza rekodi kitandani usiku, akiwa amechoka, huweza kupatwa na jinamizi na kudhani limeletwa na rekodi.

Mwaka 1995 watu wa Pemba, na baadaye Unguja, walisimulia kushambuliwa usiku na kiumbe aliyeitwa popobawa. Baadhi ya waandishi waliochunguza habari hizo wameona kwamba masimulizi mengi yanafanana na jinamizi. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba familia zililala nje kwa pamoja. Mwanamume mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati kisiwani Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa. Kifo hicho kinaonyesha madhara yanayoweza kutokea pale hisia inapochukuliwa kuwa ushahidi wa kitu cha nje.

Nguvu ya matarajio huweza pia kuenea katika kundi. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka bila kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa na hali hiyo, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa ya tukio hilo mwaka 1963, hawakupata sumu wala vijidudu, wakalieleza kuwa ni mlipuko wa hali ya kisaikolojia. Wasichana hao hawakuwa wakiigiza, na waliteseka kweli.

Katika ngoma za pepo za pwani na bara, mdundo, nyimbo na matarajio ya waliohudhuria huweza kumwingiza mtu katika hali tofauti na ya kawaida. Wataalamu hulinganisha hali hiyo na hipnosisi, lakini si kitu kimoja: ngoma hufanywa mbele ya jamii na huwa na maana ya kidini, ilhali hipnosisi binafsi hufanywa na mtu peke yake bila kudai kuwepo kwa pepo.

=== Mfano wa Gairo ===

Gairo ni mji na makao makuu ya Wilaya ya Gairo katika Mkoa wa Morogoro, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Kilosa. Wenyeji wake wengi ni Wakaguru. Katika mji kama huo, rekodi ya simu humfikia mtu kwa urahisi kuliko mtaalamu wa saikolojia. Msikilizaji huwa peke yake na vifaa vya masikioni, na akihisi jambo lisilo la kawaida hana wa kumuuliza papo hapo.

Mji huo uko kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na katika barabara hiyo hatari ya kwanza ya rekodi ni ya kawaida kabisa: kusikiliza huku mtu akiendesha. Dereva wa lori au wa bodaboda aliyelegezwa na sauti huchelewa kushika breki. Rekodi hizo hazifai pia kwa anayepika motoni au kuendesha mashine ya kusaga.

Barabara hiyohiyo huelekea Dodoma, iliko Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Si lazima kuanzia huko. Mgonjwa huanzia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na hupewa rufaa inapohitajika.

== Hatari na dalili za ugonjwa ==

Kwa watu wengi wenye afya, madhara ya hipnosisi binafsi ni madogo na ya muda mfupi: kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu au wasiwasi. Kujinyoosha, kunywa maji na kukaa kidogo kabla ya kusimama husaidia. Hatari kubwa zaidi ni hizi:

* Kuficha maumivu yasiyojulikana chanzo. Maumivu ya tumbo, kifua au kichwa huweza kuwa ishara ya ugonjwa unaohitaji tiba ya haraka. Chanzo hutafutwa kwanza, ndipo maumivu hutulizwa.
* Kuacha dawa. Rekodi haichukui nafasi ya dawa za kifafa, kisukari, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI au ugonjwa wa akili.
* Kuzidisha ugonjwa wa akili. Aliyewahi kusikia sauti au kuona vitu kwa sababu ya ugonjwa hashauriwi kutafuta maruweruwe kwa rekodi bila usimamizi wa daktari.

Maruweruwe yanayotokana na pendekezo hutofautiana na yale ya ugonjwa kwa mambo kadhaa. Ya kwanza hutokea wakati wa kusikiliza, hufuata kilichotajwa, hukoma mtu anapofumbua macho, na mwenyewe hujua kwamba hayana kitu cha nje. Ya ugonjwa huja bila kuitwa, huendelea, na mara nyingi mgonjwa huyaamini. Huweza kuambatana na homa, kukosa usingizi kwa siku nyingi, maneno yasiyoeleweka, au sauti zinazomwamuru mtu ajidhuru au amdhuru mwingine.

Si kila maruweruwe ya ugonjwa hutokana na ugonjwa wa akili. Malaria kali, homa nyingine, kuacha ghafla pombe baada ya kuinywa sana, na baadhi ya dawa huweza kuyasababisha. Dawa ya efavirenz, iliyotumika sana dhidi ya virusi vya UKIMWI, inajulikana kwa kuleta ndoto kali na pengine maruweruwe. Mwenye homa anayeona au kusikia visivyokuwepo anahitaji kupelekwa kupimwa malaria siku hiyohiyo, na haifai kusubiri kwa kudhani kwamba ni athari ya rekodi au kazi ya pepo.

== Tazama pia ==

* Saikolojia
* Ndoto
* Jinamizi
* Popobawa
* Wilaya ya Gairo